Ngozi ya Nani?

Wapendwa, acheni Biblia zenu wazi hapohapo tulipofika, mnisikilize kidogo.

Kulikuwa na fundi seremala mmoja, kule nyanda za juu ambako ikifika mwezi wa sita baridi inapasua midomo ya watu na visigino vyao. Alikuwa mchapakazi, halewi, hampigi mkewe. Lakini alikuwa mtu wa kuchunguza. Kikombe kikisogezwa kabatini alijua, na aliyekisogeza angeulizwa.

Basi akaanza kuona mambo kuhusu mafuta. Nyumbani kwake walipaka mafuta ya mgando, kopo moja kubwa la nyumba nzima, na mkewe alijaliwa ngozi laini ambayo hata kipupwe hakikuisumbua. Sasa mwanamke huyu akawa ananunua losheni. Alileta moja yenye harufu ya maua, siku chache baadaye haionekani. Akaja na chupa ya glisarini, nayo ikatoweka. Asubuhi moja fundi alimkuta uani amejipaka kitu kidogo ndani ya mkono, ametulia anasikilizia, kama mtu anayeonja dawa kabla ya kumpa mwingine. Alipomuuliza, mkewe alishusha mkono wa sweta akasema anaangalia tu kama inawasha.

Imuwashe nani? Hakuuliza. Mwenye kushuku haulizi, ndugu zangu. Anaweka akiba.

Jumamosi alipita duka la vipodozi kununua wembe. Mama mwenye duka, bila kujua anamwambia nani nini, akampa ujumbe.

"Mwambie Mama Sekela ile ya maua aiache. Ngozi iliyopasuka vile haitaki manukato, itazidi kuchoma. Aje achukue haya mazito yasiyo na harufu. Amwogeshe kwa maji ya vuguvugu, asimsugue, halafu ampake ngozi ikiwa bado na majimaji."

Amwogeshe. Ampake. Fundi alitoka dukani hata wembe ameusahau. Binti yao Sekela alikuwa shule ya bweni, msichana mkubwa anayejiogesha mwenyewe. Sasa ni nani huyu anayeogeshwa? Mtu aliyetulia moyoni angewaza mtoto mchanga wa jirani, angewaza mgonjwa. Yeye aliwaza mwanamume. Kwa nini? Si mnajua kwa nini? Kwa sababu moyoni alikwishakata kesi, alikuwa anatafuta mashahidi tu.

Alhamisi jioni akamtega.

"Leo ulikuwa wapi, Mama Sekela?"

"Jumuiya," mkewe akajibu, macho kwenye sufuria.

Na sala ya jumuiya yao ilikuwa imehamishiwa Jumatano. Fundi alilisikia tangazo kwa masikio yake, kanisani. Tangu jioni ile chakula hakikumpita vizuri. Akawa anamtazama mkewe anavyocheka na watu, anavyofunga kanga, anavyonawa mikono, na kila alichokiona kilimchoma.

Alhamisi iliyofuata aliacha kazi katikati ya mchana. Akachukua mpini wa shoka, akamfuata kwa mbali. Mwanamke alivuka mto, akapanda katikati ya mashamba ya chai, akatokea kijiji cha pili, akaingia kwenye nyumba ndogo ya mbao karibu na zahanati. Alibisha mara moja tu, kama mwenyeji. Fundi akasogea mpaka ukutani. Akamsikia mkewe akisema kwa sauti ya upole ambayo kwake hakuwa ameisikia siku nyingi: "Haya nayo yanachoma?" Sauti ya chini ikajibu kitu ambacho hakukishika.

Akausukuma mlango.

Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni. Kwenye kigoda alikaa mwanamke mzee, na miguu yake, kuanzia magotini kushuka, ilikuwa imekauka mpaka imechanika. Alikuwa mama mzazi wa fundi. Mama yule aliyeapa kwamba hataonja chakula kilichopikwa na mkwe huyu, na ambaye mwanawe, kwa hasira, aliacha kumtembelea. Alikuwa amehamia pale tangu masika ili awe karibu na matibabu. Mwanawe hakujua.

"Nani huyo?" akauliza mama. Macho yake yalikuwa na ukungu.

Mkewe aligeuka, akamwona mume, akauona na mpini. Akaelewa yote. Alikuwa na nafasi ya kumwaibisha, na haki alikuwa nayo.

"Ni Baba Sekela, mama."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia. Amekuja mwenyewe."

Bibi yule akaanza kulia. Alisema alimkataza mkwe wake asiseme neno, hata ikibidi amfiche mumewe, maana hakutaka mwanawe aletwe kwa kusukumwa. Alitaka siku akija, aletwe na moyo wake. Akanyoosha mikono, akambariki. Na mwanamume akasimama pale anapokea baraka, mkono mmoja mgongoni umeshika mpini.

Aliuegemeza nje ya mlango. Akarudi, akapiga magoti kando ya mkewe, akaomba aonyeshwe mafuta yanavyopakwa.

Sasa tuje kwetu. Swali la fundi halikuwa baya. Ngozi ya nani imepasuka? Ni swali zuri sana. Angeliuliza kwa huruma tangu masika, jibu angelipata kabla ya mkewe. Lakini sisi tunaliuliza tukiwa na mpini mkononi. Tunajua nani ananukia nini, nani amedanganya alikuwa wapi, nani amenunua nini na kwa nani anakipeleka. Waliotutoka moyoni hatujui hata wamehamia wapi.

Wewe uliyekaa hapo, wiki hii umemchunguza nani? Na mtu wako, umemuulizia lini?

Tusimame tuombe. Na kama yupo anayeona hawezi kungoja mpaka mwisho wa ibada, atoke aende kwa mtu wake. Mimi sitamuuliza anakwenda wapi.