Bakuli Lililosubiri Maharage

Wapendwa, tumbo hili mnaloliona hapa mbele nimelipata safarini. Injili imenifikisha nchi saba, na katika zote saba sijajifunza kupika hata uji. Nimejifunza kushukuru tu, tena mdomo ukiwa umejaa. Kwa hiyo leo mkinisikia nataja mapishi, akina mama nivumilieni. Nikikosea kipimo cha kitunguu, nisahihisheni baada ya ibada.

Kulikuwa na dereva mmoja wa malori aliyestaafu. Miaka thelathini alikula kwa mama ntilie wa njiani, sahani za watu, anafuta mdomo anaondoka. Mwaka uleule aliostaafu, mkewe akafariki. Watoto wako mbali. Akapanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, akanunua sufuria moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Mmewahi kufungua kabati la mtu mwenye kijiko kimoja? Hakuna haja ya kumuuliza hali.

Wiki ya kwanza mlango ukagongwa. Ni mama wa chumba cha pili, mjane, fundi cherehani. Mkononi ana bakuli la bati lenye maua mekundu, na ndani yake maharage mazito yaliyopikwa na nyama ya kusaga na pilipili.

"Karibu nyumbani, baba," akasema. "Ni kidogo, na pilipili imenizidi mkono. Bakuli utanirudishia."

Mzee akala peke yake. Machozi yakamtoka, akasingizia pilipili. Kisha akaliosha bakuli, akalikausha, akaliweka juu ya kabati, na shida ikaanza hapo. Maana mama yake alimlea kama mama zenu walivyowalea ninyi: chombo cha watu hakirudi kitupu. Sasa yeye atarudisha na nini?

Angetia mayai matatu, mambo yakaisha. Lakini alitaka maharage kwa maharage, pilipili kwa pilipili, na ikiwezekana ya kwake yashinde. Sisi wanaume tusiojua kupika tuna ugonjwa huo: tukiingia jikoni mara moja, tunataka tupigiwe vigelegele.

Akaanza na njia ya mkato. Maharage ya kopo, nyanya ya kopo, pilipili ya unga ya pakiti. Robo saa, tayari. Akaonja. Ilikuwa ladha ya kopo. Akala mwenyewe, bakuli likabaki juu ya kabati.

Akamuuliza muuza nyama, naye akamwelekeza akaange nyama peke yake mpaka maji yake yakauke, ndipo atie vitunguu. Akaloweka maharage tangu jana yake, akatwanga tangawizi na vitunguu saumu. Yakatoka na harufu nzuri, ila mchuzi mwepesi, maharage yanaogelea. Akala mwenyewe.

Muuza viungo sokoni akamwambia siri: pilipili kavu ikaangwe kwanza bila mafuta, ndipo itwangwe. Hakumwambia afungue dirisha. Vyumba sita vikapiga chafya. Nyuma ya ukuta yule mama akauliza, huku akikohoa:

"Baba, unapika au unafukuza nyoka?"

Wapendwa, huo ulikuwa mlango umefunguka wenyewe. Kilichotakiwa ni kucheka tu. Aseme, mama, nimeshindwa, njoo unielekeze. Yeye akafunika sufuria, akanyamaza kama mwizi.

Baada ya hapo akaanza kumkwepa. Wakikutana bombani, salamu fupi, ndoo juu, anaondoka. Halafu akawa anachota maji saa ambazo mama hayupo. Si kwa chuki. Alikuwa anaona aibu ya bakuli. Lakini aibu ina sura gani ukiitazama kutoka nje? Ina sura ya dharau. Mama yule alimwona mtu aliyekula chakula chake kisha akamkimbia.

Siku moja akamgongea. "Baba, upo?" Mzee amesimama na mwiko mkononi, mchuzi bado haujashika. Akazuia pumzi. Ndala zikasubiri kidogo, zikaondoka. Jumanne iliyofuata akagonga tena. Mzee akajisemea, amekuja kudai bakuli lake. Bado kidogo tu, mama, bado kidogo. Ndala zikasubiri zaidi ya mara ya kwanza. Zikaondoka.

Alhamisi maharage yakakubali. Mazito, mekundu, pilipili inakuja polepole nyuma ya ulimi kama mgeni mwenye adabu. Mzee akapiga pasi shati. Akajaza bakuli, akalifunika kwa sahani, akazunguka hadi mlango wa pili.

Ulikuwa na kufuli.

Mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa barazani anachambua mchele. Akamwambia mama amehamia Songea kwa binti yake, tangu juzi.

"Mbona hakuniaga?"

"Alikugongea, mzee. Tulikusikia unakoroga."

Mzee akabaki na bakuli lake, lina joto bado. Akauliza sasa hili atalipeleka wapi. Yule mpangaji akaendelea kuchambua, hakuinua macho.

"Alisema ukae nalo. Alikuwa nayo mawili, la kwake na la marehemu mumewe. Akasema la pili amempa mtu, ili awepo mtu mwenye sababu ya kumgongea mlango."

Mzee akarudi chumbani. Akakaa, akala. Yalikuwa matamu kuliko yote aliyowahi kuonja barabarani, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa sisi.

Mko hapa mliokaa mwaka mzima bila kusali, mnasubiri maisha yanyooke kwanza ndipo mje kwa Mungu na kitu cha maana mkononi. Mlisikia akigonga. Mkazuia pumzi kwa sababu mchuzi haujashika. Mnadhani alikuja kudai. Nani aliwaambia Mungu ana shida ya maharage? Alikupa uhai huo ili uwe na sababu ya kumgongea.

Na huyo dada yako mliyekosana kwenye msiba wa baba, unatunga samahani gani isiyokwisha kutungwa? Huyo mama mkwe unayesubiri upate zawadi ndipo ukamsalimie? Mila ya kurudisha chombo na kitu ni nzuri, sitaifuta mimi. Ila waliotufundisha hawakusema kwamba ukikosa kitu, usirudi wewe mwenyewe.

Nami nisijifanye msafi. Kaka yangu alinipigia simu siku ya Pasaka, sikupokea. Tangu hapo natafuta maneno. Mimi, ninayewahubiria ninyi saa nzima bila karatasi, nimekosa maneno ya dakika moja. Kwa hiyo leo baraka ikishatolewa, msinitafute mlangoni kwa kupeana mikono. Nitakuwa nyuma ya kanisa na simu, na sina la kumwambia. Nitagonga hivyohivyo.

Bakuli lako liko juu ya kabati. Lichukue, tupu lilivyo, uende kabla ya kufuli.