Mbwa Asiyebweka na Kengele ya Mti

Akina mama, sogeeni mbele, viti vya nyuma vina usingizi. Leo nina habari ya mbwa. Mnacheka. Haya, chekeni.

Zamani, kule kwetu milimani, kulikuwa na mbwa ambao leo huwapati hata ukitafuta kwa tochi. Bibi zetu walisema mbwa hao walivuka ziwa pamoja na mababu, wamelazwa ndani ya mitumbwi kama vifurushi, na safari nzima hawakubweka. Hawakujua kubweka. Wakifurahi walitoa mlio kama mtu anayeimba huku anapiga mwayo, basi.

Na walikuwa wazuri, jamani. Rangi ya tofali lililoiva, miguu myeupe kama wamevaa soksi za shule, mkia umeviringwa kama kata ya kubebea mtungi, kipaji cha uso kimekunjamana kama cha mzee anayesoma barua bila miwani. Asubuhi walijiramba na kujifuta uso kama paka. Mvua hawakuitaka kabisa. Ukimwita, anakutazama kwanza, afikirie kama unastahili. Mimi niliwapendea majivuno yale.

Wawindaji waliwafunga kengele ya mti shingoni, maana mbwa asiyebweka utamfuataje kichakani? Njiani kengele ilizibwa kwa majani. Mnyama akionekana, majani yanatolewa. Wakirudi nyumbani inavuliwa na kutundikwa ukutani. Kengele ilikuwa ya porini, na kila mtu alilijua hilo.

Kisha wanaume wakarudi kutoka mashamba ya mkonge na mbwa wa kubweka. Ikawa fasheni. Mbwa wetu wakachanganyika, masikio yakalala, mikia ikanyooka. Mwishowe akabaki jike mmoja tu wa asili, wa mjane wa mwindaji, na dume mmoja mzee ng'ambo ya mto. Mjane akampeleka jike wake huko, mimba ikaingia. Mwezi uleule dume akafa. Mnanielewa? Mbegu yote ya mababu ilikuwa ndani ya tumbo lile moja.

Na mwaka huo chui alikuwa anazunguka. Chui anapenda mbwa kuliko mchungaji wetu anavyopenda paja la kuku. Wale wabwekaji walimwita wenyewe: huyu kabweka, kaliwa, yule kabweka, kaliwa. Kwa mjane nyayo za chui zilionekana uani mara mbili, na jike yuko salama, amejikunja nyuma ya kinu, kimya.

Mtu angeshukuru, sivyo? Lakini jirani akachungulia uani.

"Shoga, chui amepita hapa mlangoni, na mbwa wako hakusema kitu?"

"Hakusema. Ndiyo maana yuko hai."

"Au ameolewa naye? Maana hiyo mimba watu wanaiulizia."

Kisimani walicheka siku tatu. Kila mara mjane akitua ndoo, kuna mtu anamuuliza, "Mkwe wetu chui hajambo?" Wewe ungevumilia? Siku ya nne akaangua kengele ukutani, akakung'uta vumbi, akaifunga shingoni mwa jike. Majani hakuweka.

Shemeji yake, mwindaji mstaafu, akapita. "Shemeji, kengele nyumbani ya nini?"

"Wasikie kwamba na mimi nina mbwa."

"Watasikia wao peke yao?"

Mjane akainamia beseni la nguo. Aliendelea kufua.

Siku mbili kijiji kikasikia ko-ko-ko, ko-ko-ko, toka jikoni hadi bandani. Jirani akasema, "Huyo sasa ndiye mbwa." Mjane akatembea kichwa juu kwenda kisimani, na hakuna aliyemuuliza habari za mkwe. Siku ya tatu, asubuhi ya ukungu, yuko shambani anapalilia, akasikia kengele ikienda mbio kuelekea korongoni. Akatupa jembe. Kabla hajafika, kengele ikanyamaza. Aliokota kamba iliyokatika na kile kijiti cha katikati ya kengele. Basi. Mlio ule wa mwayo hakuna aliyeusikia tena, wala mimi, na miaka imekwenda.

Mtu wa kwanza kufika kutoa pole alikuwa jirani. Alikaa mkekani akalia kuliko mwenye mbwa. Akapika na uji.

Sasa niwaulize: nani alimfunga yule mbwa kengele? Mmesema mjane. Mikono ilikuwa yake, ndiyo. Lakini yeye alikuwa ameitundika ukutani, kila mtu alijua mahali pake, na ni sisi tuliomfanya aone aibu kuiacha hapo. Nasema sisi, na mimi nimo. Mnanijua, habari haipiti kwangu bila kukaribishwa chai.

Nyumba ngapi humu zilikuwa na amani ya kimya, tukazichungulia? Mume mpole, tukamwambia mkewe kwamba kaolewa na bwege. Binti asiyesema sana, tukauliza ana kasoro gani, mpaka mama yake akamsukuma atoke, aonekane, asikike. Alisikika. Na waliomsikia hatukuwa sisi peke yetu.

Kisha tunakwenda na vitenge vyetu kutoa pole, na tunaitoa vizuri. Wiki hii, kabla hujaanza kumpikia mtu uji, mwambie neno ambalo yule jirani hakulisema mpaka anakufa: "Dada, ni mimi niliyekucheka."