Doa Lisilokunywa

Mtu mmoja alikuwa na doa kichwani. Aliitwa Elinihaki, mgawa maji wa kijiji kimoja katika milima ya Upare. Kila alfajiri alizibua ndiva, lile bwawa dogo la maji ya mashamba, na kuhakikisha kila mtu anamwagilia kwa zamu yake. Mwaka uliotangulia madaktari walimtoa uvimbe kwenye ubongo, kisha wakapapiga mionzi mahali pale. Alipona, ila upasuaji uliondoka na maneno yake. Kwa miezi minne alimtazama mkewe Naetwe asilipate jina lake, na hilo lilimuuma kuliko kidonda.

Sasa picha mpya ilionyesha weupe palepale. Huenda uvimbe umerudi. Huenda ni kovu la mionzi tu. Katika picha ya kawaida viwili hivi hufanana mno, hata daktari bingwa hawezi kuapa. Sekiete, mdogo wake, alitaka kichwa kifunguliwe upesi, kwa kuwa kuusubiri uvimbe ni kukisubiri kifo. Naetwe aliogopa kwamba kisu kitamaliza maneno yaliyobaki. Elinihaki mwenyewe alikuwa upande wa mdogo wake. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutupa jicho mara moja na kukata shauri, na kijiji kilimsifu kwa hilo.

Daktari Namkunda, mwanamke mpole mwenye msimamo, hakukubali.

"Mzee wangu," alisema, "picha ile imetuonyesha doa lilipo, haijatuonyesha linakunywa damu kiasi gani. Uvimbe ulio hai hunywa sana. Kovu halina kiu."

Wakamlaza kwenye mashine ya MRI, wakamwingizia dawa mshipani, ili mashine iifuate ikipita na damu ndani ya ubongo. Mashine iligonga, ikavuma. Ubaridi ulimpanda mkononi, na macho yake yakajifumba yenyewe.

Akajiona amesimama juu ya ndiva. Hapakuwa na upepo wala sauti ya mtu. Akazibua, maji yakatoka mekundu kwa udongo wa mvua, naye akayafuata bila miguu yake kugusa chini. Yaligawanyika, yakagawanyika tena, mpaka yakawa membamba kama nyuzi, na kila shamba likapokea sehemu yake. Hatimaye akafika kwenye shamba la Nanzia, mjane. Lilikuwa la kijani, kama lilivyokuwa mwaka ule wa ukame alipolikuta limestawi peke yake. Siku ile hakuuliza. Alitangaza kwamba mjane anaiba maji, akamfungia lango la mfereji msimu mzima, mpaka mahindi yakafa na Nanzia akahamia kwa kaka yake ng'ambo ya bonde.

Maji mekundu yalipita pembeni mwa shamba lile, yakaenda zake. Hata tone halikuingia. Nanzia alikuwa ameinama, akifunua majani makavu ya migomba aliyoyatandaza juu ya udongo, na chini yake ulikuwapo unyevu wa zamu yake ya halali, alioutunza wiki nzima. Hakumlaumu. Aliyarudisha majani taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, na mashine ikanyamaza.

Jioni Namkunda aliwaonyesha picha. Dawa ilikuwa imeenea pande zote za ubongo, lakini kwenye doa ilipita kidogo sana. Akasema kwamba dalili zote ni za kovu. Watalipiga picha tena baada ya miezi mitatu, na kwa sasa kisu hakina kazi. Sekiete alikaa kitini kwa uzito. Naetwe alilia bila kujificha. Elinihaki alifurahi, nani asingefurahi, lakini alijua amefanyiwa wema, wa kuchunguzwa kabla ya kukatiwa shauri, ambao yeye aliwahi kumnyima mtu. Akawaomba wasimpeleke nyumbani kwanza, bali ng'ambo ya bonde, akaombe radhi huku maneno angali nayo.

Nawe uliyeona kijani ukafunga lango, je, maji uliyafuata?