Kuku Aliyetaga Kinuni

Nina kisa mkononi. Semeni: kiachie. Kina mbawa. Semeni: kiruke. Haya, kimeruka, na asiyekaa vizuri kitampita.

Zamani hizo, wajukuu zangu, zamani ambapo mwewe alikuwa bado anabisha hodi kabla ya kuiba kifaranga, palikuwa na mchonga vinu aliyeitwa Ngumbao. Vinu vyake vilikuwa vinu kweli. Mwanamke akitwanga mtama, mlio ulifika kijiji cha pili, na wa kijiji cha pili wakajua kile ni kinu cha Ngumbao. Lakini mkewe alipofariki, Ngumbao alikiacha nyuma ya nyumba kinu alichokuwa amekichimba nusu, akatundika ukutani tezo lake la kuchongea. Akabaki na binti yake mmoja, Nyevu, na kumwangalia Nyevu ndiyo ikawa kazi. Nyevu akienda kisimani, baba yupo njiani. Nyevu akipika, baba yupo mlangoni, anauliza kama moshi haumuumizi macho. Misimu miwili wanakijiji walitwanga kwenye vinu vyenye nyufa, na kwa adabu zao wakasema mzee anapumzika.

Basi akaja kijana Mwero kutoka ng'ambo ya mto, akampenda Nyevu, na Nyevu naye, ehe, msinitazame hivyo, Nyevu naye akampenda. Mahari ikapokelewa. Ikabaki siku ya kumchukua bibi harusi, na mshenga, mzee mpole aliyeitwa Chengo, akatumwa kuiuliza.

Sasa sikilizeni desturi ya pale. Baba wa binti hakumwambia mshenga "hapana", maana ni matusi, wala hakutaja siku, maana ni kiherehere. Alitaja ishara: mtama ukichanua, njooni, mto ukipungua, njooni. Ngumbao akatazama huku na huku akitafuta ishara iliyo mbali, akamwona kuku wake mwekundu pembeni mwa jiko. Kuku yule alikuwa ameanza kuatamia siku hiyohiyo, amejitandaza, amevimba, hataki kuguswa.

"Siku kuku huyu atakapotaga tena," akasema, "njooni mumchukue."

Chengo akahesabu kwa vidole. Wiki tatu za kuatamia, miezi miwili au zaidi ya kulea vifaranga, kisha yai. Akaona si neno, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya tatu, Nyevu akiwa kisimani, Ngumbao aliingia jikoni akayatoa mayai chini ya kuku, akaweka mawe ya mtoni, meupe, ya mviringo. Mayai akayala, maana hakupenda kuharibu chakula.

Kuku akakaa. Mwezi ukaandama, Chengo akavuka mto.

"Kuku ametaga?"

"Bado, ameatamia."

Mwezi ukaandama tena, Chengo akavuka mto.

"Kuku ametaga?"

"Bado, ameatamia."

Mwezi wa tatu Chengo aliuliza kwanza hali ya kuku, ndipo akauliza hali ya wenye nyumba. Ngumbao akamweleza kwamba mayai ya safari hii yana maganda mazito. Chengo akaitikia kwa kichwa, mtu mzima yule, kana kwamba jambo hilo analifahamu tangu utoto. Na kule ng'ambo Mwero alikuwa amemaliza kujenga na kuezeka nyumba, na kwa kukosa la kufanya akaiezua, akaiezeka upya.

Na kuku je? Kuku alikonda. Undu wake mwekundu wa kichwani ukapauka. Alitoka mara moja tu kwa siku, akadonoa punje tatu, akarudi mbio kwenye mawe yake. Nyevu alikuwa akifagia jiko lile kila asubuhi, na kama mnadhani hakuyaona mawe, basi hamjawahi kuishi na msichana mwenye akili. Alinyamaza tu, kwa kumheshimu baba yake, mpaka siku alipomwinua kuku akamwona mwepesi mno.

"Baba," akasema, "huyu atakufa hapo alipokaa."

Ngumbao aliona haya hata ugali ukamshinda. Akayatupa mawe, akaomba kwa jirani mayai tisa, akampa kuku ayalalie. Lakini msimsifu upesi. Huruma ilikuwepo, na hesabu nayo ilikuwepo: vifaranga wana miezi yao ya kulelewa.

Wakatoka saba. Ngumbao akawasagia mtama, akawafukuzia mwewe, akawapa hata majina. Chengo akavuka mto.

"Kuku ametaga?"

"Bado, analea."

Akavuka tena, akajibiwa vilevile. Kuku alinenepa, undu ukarudi kuwa mwekundu. Ngumbao alipoona wekundu ule moyo ulimpasuka, maana alijua wekundu huo huleta yai.

Asubuhi moja kuku akamgeukia kifaranga mmoja, akamdonoa kichwani. Akamdonoa wa pili. Wa tatu akamkimbiza mpaka uani kwa watu. Ngumbao akawakusanya wote saba kwenye tenga, akaja kuwamwaga mbele ya mama yao.

"Wanao hawa," akamwambia kuku. "Wewe ni mama wa namna gani?"

Kuku akamdonoa na yeye, kidoleni. Nyevu alikuwa mlangoni anapepeta mtama, akaweka ungo chini.

"Hajawachukia, Baba. Ameona wanajua kuchakura."

"Wadogo hawa."

"Walikuwa wadogo."

Ngumbao akanyonya kidole chake. Kisha akasema lile alilolikalia muda wote huo. "Naogopa, mwanangu. Ukiondoka, nyumba hii itakuwa kimya."

"Najua," akasema Nyevu. "Na mimi naogopa. Lakini nataka kwenda."

Mngedhani hapo mzee alitubu. Subirini.

Siku kumi baadaye kuku alipotea. Ngumbao akamtafuta, akamkuta nyuma ya nyumba, ndani ya kile kinu kilichochimbwa nusu. Kuku akainuka, akatoka, akaacha yai. Ngumbao akaliokota lingali na joto, akalificha kwenye mkunjo wa shuka kiunoni. Yai alilificha, lakini kuku je? Kuku alipanda ukingoni mwa kinu akatetea, zile kelele za kuku aliyetaga. Alitetea akielekea kisimani, akatetea akielekea mtoni, na Chengo, aliyekuwa anavuka siku hiyo, akamsikia tangu miguu ikiwa majini.

Alipofika alimkuta Ngumbao amekaa kigodani, ametulia kupita kiasi. Na pale kwao mgeni hasalimiwi na mwenyeji aliyekaa. Ngumbao akainuka polepole, na yai likapasuka. Likamtiririka pajani, gotini, hadi kisiginoni. Chengo akautazama mguu, akamtazama kuku, kisha kwa adabu akatazama mawingu.

"Kuku hajambo?" akauliza.

"Hajambo," akasema Ngumbao. "Ametaga."

Wakapatana siku saba. Na bibi harusi wa pale huondoka na kinu kutoka kwa baba yake. Nyumba ya mchonga vinu, kinu hakuna. Ngumbao akatoa nyasi za kuku kwenye kile kinu cha nyuma ya nyumba, akashika tezo kwa mara ya kwanza tangu msiba, akakimaliza siku ya sita. Kilitoka kizuri, ila upande mmoja una alama ya kucha za kuku. Nyevu alikataa isifutwe. Akaondoka akilia, na baba akalia, na hakuna aliyejificha.

Kesho yake nyumba ilikuwa kimya kama alivyoogopa. Ngumbao akakaa kigodani asubuhi nzima. Kuku akaja kukitafuta kinu chake, akazunguka mahali pake, akamjia Ngumbao akilalamika. Ngumbao akamtazama, akainuka, akaenda kukata gogo.

Kule kisimani wanawake wakasikia tezo: ko, ko, ko. Wakatua mitungi, wakasikiliza. Mmoja akasema, "Ngumbao ametaga."

Basi mkiulizwa, wajukuu zangu, kuku aliyeatamia hurudi kutaga lini, msihesabu kwa vidole kama Chengo. Semeni: akishaona wanawe wanajua kuchakura. Na wakiwauliza, baba je? Semeni: baba huchelewa kidogo.

Kisa changu kimetua. Kikunjeni mbawa, mkalale nacho.