Ngiri Aliyenyamaza Shimoni kwa Mhanga

Paukwa!

Pakawa!

Na nyinyi watu wazima, msiwaachie watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Zamani, zamani sana, aliishi Mhanga. Pua ndefu, masikio kama ya punda, kucha za kuchimbia. Mhanga alikuwa mshauri. Mwenye huzuni alikwenda kwake, akaingia shimoni, akasema yaliyomsibu. Shimo lilikuwa refu, lina giza, lina kimya. Mhanga alijivunia shimo hilo. "Humu," alisema, "siri haitoki."

Mwaka huo mvua ilinyesha vibaya. Ngiri alikuwa ametoka kutafuta mizizi. Watoto wake watatu walikuwa wamelala shimoni kwao. Maji yakaja, gugugugu! Yakaingia. Ngiri aliporudi alikuta tope. Akachimba kwa pua, akachimba kwa kwato, akachimba. Akawatoa mmoja mmoja. Wote watatu walikuwa wamekufa.

Matanga yalipokwisha, majirani walimwambia, "Nenda kwa Mhanga." Akaenda.

"Karibu, mama. Pole sana. Ingia ndani."

Ngiri akaingia, akakaa. Hakusema neno. Kesho yake akaja, hakusema neno. Siku saba alikuja, siku saba kimya. Alitetemeka tu, akitazama mlango. Mhanga akawaza moyoni, "Mama huyu ni mkaidi."

Siku ya nane, kundi la nyuki likatua mlangoni pa shimo. Vuuu! Hapaingiliki.

"Basi tutembee kidogo," Mhanga akasema, "mpaka wahame."

Wakatembea uwandani, bega kwa bega. Upepo ukavuma. Nyasi zikalala, zikainuka. Ngiri akapumua kwa nguvu, fuuu! Halafu, bila kuulizwa, akasema, "Nilikawia."

Mhanga akaendelea kutembea.

"Niliona mizizi mitamu, Bwana Mhanga. Mvua imeanza, nami nachimba. Nilisema nichimbe mmoja tu, niwapelekee. Nikakawia."

Akalia. Alilia mpaka jua likawa utosini. Kisha akala majani kidogo. Tangu msiba alikuwa hajala.

Kesho yake wakatembea tena. Ngiri akamsimulia mtoto wa kwanza, jinsi alivyopenda kugombana. Siku ya tatu ya matembezi akamsimulia wa pili.

Lakini Kanga walikuwa wakidonoa karibu. Wakacheka, ke-ke-ke-ke! "Huo ni ushauri au matembezi? Mshauri gani asiye na pa kukaa?"

Mhanga akaona haya. Nyuki walipohama, akasema, "Mama, kesho tunarudi ndani."

"Twende tu huku nje, Bwana Mhanga. Kule ndani nasikia maji."

"Maji gani, mama? Shimo langu kavu."

"Nayasikia."

"Utazoea. Wenzetu wanatucheka."

Kesho yake Ngiri akaja. Akasimama mlangoni kitambo. Akaingia. Pumzi zikamwenda mbio, hu-hu-hu-hu.

"Haya, mama. Tulibakiza yule mdogo."

Ngiri akafungua mdomo. Neno halikutoka. Akafungua tena. Halikutoka. Akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Siku iliyofuata hakuja. Mhanga akamtafuta. Akawauliza Kanga.

"Alipita asubuhi," wakasema. Siku hiyo hawakucheka. "Tulimwamkia. Hakuitika."

Mhanga akafuata nyayo mpaka kwenye majabali, nyayo zikapotea. Akaita, "Mama Ngiri! Njoo tutembee! Sitakuingiza ndani tena!" Kimya. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Ngiri hakuonekana tena, wala mifupa yake haikuonekana.

Tangu hapo Mhanga hukaa nje, juu ya nyasi, akingoja. Lakini habari zimeenea: Ngiri alikwenda pale, akapotea. Swala aliyefiwa hupita mbali. Mbuni aliyevunjikiwa mayai hupita mbali. Mhanga huwaita, nao huongeza mwendo.

Sikilizeni basi, wakubwa kwa wadogo. Mwenye majonzi mtoe nje, penye upepo na nafasi, mtembee pamoja, maana huko maneno hupata njia. Na akishaanza kusema, usimrudishe panapomziba mdomo eti kwa sababu unaogopa kuchekwa. Huenda usimpate tena.

Hadithi yangu imefika hapo, na hapo ndipo inapolala.