Bi Pimbi na Shangazi wa Buluu

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati kila mnyama alikuwa na jiko lake, chungu chake na majirani wa kumsengenya, alikuwako Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mdogo wa kwenye mawe. Mkia hana, lakini mdomo anao!

Bi Pimbi aliishi juu ya mlima wa mawe, na siku hizo alikuwa mzazi. Alikuwa amejifungua mapacha, arobaini yake haijatimia, na kipupwe kimeingia na baridi yake ya kukata masikio. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na vitoto vyake hulazwa karibu na jiko. Moto ungezimika usiku mmoja tu, wale mapacha wasingeamka.

Sasa, chini ya mlima alikaa Bwana Kifaru. Macho yake mabovu, miguu yake mizito, na kitu alichokichukia kuliko vyote ni moshi.

"Moshi unanitoa machozi!" alikuwa akifoka. Basi akiuona moto popote, ti! ti! ti! anaukanyaga mpaka unakuwa majivu. Alikwisha kuzima jiko la Kanga. Akazima la Ngiri. Akazima la Kima, na maharage yalikuwa karibu kuiva, masikini! Kijiji kizima kikala viazi vibichi, matumbo yakawa yananguruma usiku kucha. Likabaki jiko moja tu, la Bi Pimbi.

Jioni moja, jua ndiyo kwanza limezama, mlima ukaanza kutetemeka. Ti! Ti! Ti! Kifaru huyo anapanda, na mgongoni kamchukua Mlakupe, ndege mdogo aliyemlia kupe zake na kumwonea njia.

Bi Pimbi akawatazama wanawe, wamelala pua kwa pua kando ya jiko. Halafu akajifuta uso, akatoka mlangoni.

"Shikamoo, Bwana Kifaru!"

"Marahaba. Nimenusa moshi. Sogea nizime!"

"Zima, bwana wangu. Mimi ni nani hata nikuzuie? Ila nakuomba, kanyaga makaa mekundu tu. Yale ya buluu usiyaguse."

"Kwa nini?"

"Yataniletea balaa mimi, na wewe pia."

Akachota kaa moja jekundu, akaliweka juu ya jiwe. Kifaru akainua mguu wake, ule wenye unyayo mgumu kama kinu. Ti!

"Hata halitekenyi!" akacheka. "Haya, la buluu liko wapi? Mlakupe, nionyeshe!"

"Mle jikoni, Bwana. Katikati ya makaa. Kuna kaulimi kadogo ka buluu."

"Buluu!" Kifaru akapiga chafya ya dharau. "Buluu ni rangi ya maji. Buluu ni baridi. Mama, unanitisha kwa maji?"

"Kama huamini, linuse," alisema Bi Pimbi kwa upole. "Nusa tu, usije ukanivunjia chungu."

Kifaru akashusha pua. Ile pua laini, mnaijua. Bi Pimbi akashika kipepeo chake cha ukili, akapepea jiko. Fu! Fu! Fuuu! Ndimi za buluu zikaruka juu.

Chwaaa!

"Uwiii! Pua yangu! Mama yangu weee!" Kifaru akarudi kinyumenyume, akakaa kitako juu ya mawe, pu!

"Si nilikwambia?"

"Moto gani huu?"

Bi Pimbi akashusha sauti. "Hili ni kaa la shangazi yangu. Mlakupe, hebu tazama kusini, juu ya ule mti mkavu. Unaona nini?"

"Naona nyota," alisema Mlakupe. "Inang'aa sana. Na kweli, ni ya buluu!"

"Huyo ndiye shangazi."

"Ni mkubwa kiasi gani?" aliuliza Kifaru, maana yeye aliona ukungu tu.

"Kama punje ya ufuta, Bwana."

"Ho! ho! ho! Punje ya ufuta!" Kifaru akacheka, kisha akakumbuka pua, akanyamaza.

"Bwana wangu," alisema Bi Pimbi, "wewe mwenyewe ukiwa kule bondeni, mimi huku juu nakuona kama mende. Je, wewe ni mende?"

"Mende mimi?"

"Basi! Ni umbali huo. Shangazi yuko mbali kupita mbali. Lichukue jua letu uliweke kando yake, litakuwa kama dengu kando ya chungu."

Kifaru akaificha pua yake. "Na... na moto wake?"

"Umewahi kumwona mhunzi akivukuta? Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu. Kikizidi, cha njano. Kikizidi tena, cheupe. Basi na nyota ni hivyo hivyo. Zile nyekundu ndizo zenye nafuu. Jua letu liko katikati. Shangazi amepita hapo kote, amepita hata weupe, ndiyo maana ni wa buluu. Na anazila kuni zake kwa pupa! Hatadumu kama nyota nyingine, naye analijua hilo. Kwa hiyo hana subira hata kidogo."

"Mbona hatuunguzi?"

"Yuko mbali, nimekwambia. Ila siku kaa lake likizimika, atashuka kuuliza ni nani aliyelizima."

"Asishuke!" alipiga kelele Kifaru. "Mwambie asishuke! Nani amezima? Mimi sijazima!"

"Na majirani wakija kuchukua moto hapa kwangu?"

"Wachukue!"

"Maana litakuwa kaa lile lile la shangazi, hata likifika kwa Ngiri."

"Wachukue wote! Wawashe! Wapike!" Na Kifaru akateremka mlima, safari hii kwa ncha za vidole, pole pole, asije akakanyaga cheche kwa bahati mbaya.

Bi Pimbi akakaa chini. Akawavuta wanawe kifuani, wana joto kama maandazi, akalia na kucheka kwa pamoja. Alhamdulillahi! Ahueni iliyoje!

Habari ikaenea. Wakaja Kanga na kigae chake, Ngiri na kigae chake, Kima na chungu cha maharage kabisa, hakutaka kungoja afike nyumbani. Kila mmoja akaondoka na kaa lake. Huku na kule bondeni majiko yakawaka, na harufu ya viazi vya kuchoma ikapanda mpaka mlimani.

Wa mwisho kuja alikuwa Mlakupe, peke yake. Akasimama mlangoni akiinamisha kichwa.

"Bi Pimbi, jekundu alilikanyaga kwa mguu. La buluu akalinusa kwa pua. Mguu na pua ni ngozi moja?"

Bi Pimbi akachungulia bondeni, kama Kifaru anarudi.

"Sijamwambia," alisema Mlakupe. "Nina makinda kiotani, nao wanatetemeka."

"Ingia basi, jirani, ingia!" Bi Pimbi akamchagulia kaa zuri kuliko yote.

"Na ile nyota? Nayo ulimdanganya?"

"Hapana. Ukubwa wake kweli, umbali wake kweli, na moto wa buluu ndio mkali kuliko wote. Niliongeza kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Ushangazi."

Wakacheka mpaka mapacha wakaamka.

Nami nimeufikisha moto nyumbani, wanangu, mwenye baridi na aote: usikidharau kidogo kabla hujajua moto wake una rangi gani.