Wingu la Fuawe na Mayai ya Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Paukwaaa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mto mkavu. Maji hakuna, mchanga mtupu, laini kama unga. Juu ukingoni, kichakani kwenye miiba, Kanga alikuwa amelalia mayai kumi na mawili. Kwa siri! Maana jirani yake alikuwa Nguchiro, na Nguchiro kwa mayai mnamjua. Lakini Nguchiro huyohuyo ndiye aliyemuua nyoka aliyemjia Kanga masika yaliyopita. Jirani ndivyo alivyo.

Kanga huyu alizaliwa kwa mhunzi. Akatoroka siku walipofika wageni na maji yakabandikwa jikoni. Wenzake wakimwita, "Mtoro wa chungu!" Mimi sisemi, walisema wao.

Siku hiyo Nguchiro alikuwa anamwoza binti yake. Ukoo mzima umeshuka mtoni, maana desturi yao harusi huchezwa mchangani. Ngoma tindi! tindi!

Mlinzi wa mvua alikuwa Chura. Asubuhi likapita wingu jeupe kama pamba. "Kroo! Mafuriko! Pandeni!" Wakapanda mbio. Jua. Wakashuka. Likaja wingu jembamba kama unyoya. "Kroo! Mafuriko!" Wakapanda. Jua. Wakashuka. Mara ya tatu likatanda la kijivu kama mkeka, likadondosha manyunyu, likaenda zake. Hina ya bibi harusi ikachuruzika.

"Chura, ukilia tena tunakukaanga!" akasema Nguchiro.

Chura akanuna, akanyamaza jii.

Alasiri Kanga akainua shingo. Kule milimani, mbali, wingu limesimama. Refu, jeusi chini, juu bapa, limechomoza kichwa upande mmoja. Kanga akashtuka. Fuawe! Kile chuma ambacho mhunzi hugongea majembe juu yake! Akamkumbuka mhunzi akikusanya mivukuto yake ya kupulizia moto: "Fuawe likisimama mbinguni, radi ndiyo nyundo."

"Baba harusi! Pandeni! Linanyesha kule, maji yanakuja huku!"

"Na wewe umekuwa Chura? Jua lote hili!"

"La pamba halina neno. La unyoya, ngojeni kesho. Lakini lile ni fuawe!"

"Mtoro wa chungu, rudi kwa mhunzi wako!" Wakacheka. Tindi! tindi!

Kanga akawatazama watoto wa nguchiro wakigaagaa mchangani. Akayatazama mayai yake. Lipo neno moja ambalo Nguchiro hajawahi kulikataa.

"Nguchirooo! Mayai! Kumi na mawili, hapa juu kichakani! Nayaacha!"

Ngoma kimya. Wee! Bwana harusi, bibi harusi, watoto, wote wakakwea, kipi kipi kipi! Hata bibi mwenye nyonga mbovu alipona.

Nguchiro alifika wa kwanza. Akanyakua yai, akalipiga jiweni, pa! Kabla hajalamba, ardhi ikatetemeka. Vuuuum! Maji mekundu, magogo, mawe, ukingo hadi ukingo. Wakaiona ngoma yao ikipita, inaelea, inazunguka.

Bibi harusi alikuwa na yai kinywani. Akalitema polepole, akalifuta kwa mtandio, akalirudisha.

"Mama," akasema Nguchiro, macho chini, "umewatoa wanao ili wangu wapone?"

"Kwa maneno hamkuja, baba. Kwa tumbo mmekuja."

Mayai kumi na moja yakaanguliwa, na kichaka kikalindwa na ukoo wa Nguchiro. Tangu hapo hawachezi kabla ya kuuliza, "Shangazi Kanga, leo wingu gani?" Na Chura hukaa kando yake akijifunza. "Kroo... hapana, hilo pamba."

Basi wanangu, na wazee mnaojifanya mmesinzia: anayelilia kila wingu huwaziba watu masikio. Yajueni mawingu, na ajuaye msimcheke alikotoka.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni. Aliye mchangani na apande.